Kazi ya Mtu wa Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilinuna. Nilikuwa kijana mwenye miguu yake, kwetu Burundi, nimeajiriwa kwenye hifadhi ya pembeni mwa Ziwa Tanganyika, na nilijua nitapewa panga nitangulie mbele ya wageni. Konserivateri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa hifadhi, akanipa dumu la maji na kitambaa, akanionyesha mkiani.

"We utatembea nyuma," alisema. "Mutu yeyote asibaki nyuma yako. Hata mbuzi."

Mtu huyo wa kufunga msafara tulimwita serefili, neno la Kifaransa tulilolipinda wenyewe. Wa mbele anaonyesha ndege na kupigwa picha. Serefili anatazama visigino. Ukiona kisigino kinaburuta, jua mwenyewe yuko karibu kukaa chini.

Siku hiyohiyo mama mmoja alianza kuhema mlimani, nami nikamwuliza kwa adabu zote kama amechoka. Alikasirika, akakaza mwendo, na mwisho wake tukambeba. Konserivateri akaniita pembeni.

"Usiulize mutu kama amechoka. Atakudanganya, ao atalia. Mutu akichoka, we njo unachoka. Simama, funga kiatu yako. Bantu bote batakungojea, na yeye atapumuzika bila haya."

Tangu hapo, vijana wangu, nimefunga kamba za viatu kuliko fundi viatu yeyote wa mtaa wa Chilinde, Lilongwe.

Vita vikanileta Malawi. Nikiwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, nilipata vibarua Lilongwe, kwenye pori dogo linalofuata mto katikati ya mji. Meneja wa pale, Mmalawi mpole asiyevua kofia, alinifundisha kutengeneza njia yenyewe. Unalaza gogo mshazari ili maji ya mvua yatokee pembeni yasiichimbe. Mlima unaupanda kwa kupindapinda, maana njia iliyonyooka inaua magoti ya watu. Nilisikiliza habari za magoti kama mtu anayesimuliwa mambo ya jirani.

Mwisho nikapata kazi upande wa Salima, kwenye kilima chenye msitu juu ya ufuko wa Ziwa Malawi. Mwenye nyumba za wageni pale tulimwita Madamu. Kama mnatafuta pa kwenda asubuhi na kurudi jioni, nendeni huko. Mnapanda basi dogo Old Town, Lilongwe, mapema, mkishuka mnachukua kabaza, baiskeli ya abiria, hadi njia inapoanza. Mnapita vichanja vya kukaushia usipa, dagaa wa ziwa hilo, na harufu yake inawasindikiza mpaka msituni, ambako nyani wanawatukana kutoka juu ya miti. Huko mwisho kuna jiwe pana. Ukisimama juu yake ziwa lote liko chini yako, pamoja na kisiwa ambacho ndege wamekipaka weupe, na wavuvi wadogo kabisa wakivuta nyavu. Niliwafikisha wengi pale, na kila mara nilifurahi kama ndiyo mara ya kwanza.

Nikirudi Dzaleka nilimsimulia mke wangu, Mama Consolata, habari za jiwe hilo, na za kamba za viatu pia, maana napenda kujisifu. Yeye alikuwa na watoto, na meza yake ya nyanya sokoni.

"Jiwe, jiwe," alisema. "Mi ntaiona siku gani? Siku ya kunizika?"

Nikamwahidi kwamba nikiacha kazi nitampeleka mwenyewe.

Magoti ndiyo yaliyoniachisha. Madamu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema zikomo, bambo, yaani asante, mzee, sasa pumzika, nami nikalia ndani ya basi, siwafichi. Kilichonitesha zaidi ni ile ahadi. Niliogopa kwamba mimi niliyewafikisha watu baki kwenye jiwe nitakaa chini katikati ya njia, mbele ya mke wangu, na asilione kamwe. Nikawa na visingizio: mara mvua, mara nauli, mara kibali cha kutoka kambini. Mama Consolata akaenda kukiomba kibali mwenyewe, cha watu wawili.

Basi tukaenda. Chini ya kilima akasema nitangulie, njia naijua mimi. Kwa hiyo nilitembea mbele, jambo nililolitamani tangu ujana, na nilikuwa na fimbo mahali pa panga. Nilimwonyesha magogo ya mshazari niliyoyalaza mwenyewe, na bado yalikuwa yanatoa maji. Tulipofika kwenye mipindo goti la kushoto likaanza kuwaka. Niliuma meno, nikaongea zaidi ili nisisikie. Kisha nikasikia kisigino kinaburuta kwenye majani makavu, nikajua ni changu.

"Ngoja, Baba Consolata," akaita kutoka nyuma. "Kamba ya kiatu yangu imefunguka."

Niligeuka. Alikuwa ameinama, vidole vikihangaika mguuni, hataki kunitazama. Alikuwa amevaa kandambili.

"Funga polepole," nikamwambia. "Mi nakungojea."

Nikaegemea mti, nikajipangusa uso, jasho na mengine. Kandambili zile ziliendelea kufunguka kamba kilima kizima, mpaka tukafika kwenye jiwe.