Mkanda wa gari ulivyonikaba shingo, nikaupeleka kwa fundi cherehani wa Kariakoo

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri shikamooni, na nyie wadogo zangu marahaba, nimeshaipokea kabla hamjaitoa ili tusipoteze muda.

Jana humu jukwaani dada mmoja alilalamika kwamba yeye ni mfupi na mkanda wa gari unamkata shingo. Wengi mkamcheka. Mimi sikucheka, nilijishika shingo.

Nitakachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe. Shule yangu iliishia darasa la nne na kumbukumbu inachechemea, kwa hiyo pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika.

Haya.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, zile za kupanga foleni ya sukari na kukuta sabuni imekwisha ukiwa wa pili mlangoni. Nilikuwa mbeba mizigo kwenye duka la jumla la Mama Elinami, mama wa Kichaga, pale Kariakoo. Mkali kweli. Ila nimtendee haki, mchana alikuwa anakula sufuria moja na sisi.

Dereva wake akarudi kijijini kwao kulima. Nafasi ikawa wazi, leseni ninayo, na mama ana safari ya Moshi wiki hiyo hiyo.

Wakuu, mtu aliyebeba magunia mgongoni akaambiwa kuna kazi ya kukaa kwenye kiti, mnaelewa. Niliitaka ile kazi mpaka nikawa naiota.

Tatizo ni kimo. Nikisimama nyuma ya kaunta wateja walikuwa wanauliza, "Jamani, hapa hakuna mtu?"

Na mama alikuwa na sheria moja. Kwenye gari lake hakuna anayekaa mbele bila kufunga mkanda. Zamani aliwahi kuacha jino kwenye dashibodi, tangu siku hiyo habembelezwi. Mtaani walikuwa wanamcheka kwamba anafunga watu kama mbuzi wa mnadani. Hajali.

Siku ya kwanza ya kujaribiwa nimekaa, nimefunga. Mkanda ukapita kooni.

Ulikuwa wa aina ile ya zamani usiojivuta wenyewe, unaurekebisha kwa chuma. Nikauvuta hadi mwisho. Bado uko kooni, tena sasa umekaza.

"Mfaume," mama akasema, "mbona unahema kama kuku?"

"Niko sawa, mama."

"Hauko sawa. Mkanda ukae begani. Usipokaa vizuri kabla ya safari, namchukua yule mrefu wa godauni. Siwezi kufika Moshi na maiti."

Kesho yake nikaja na akili. Nikavaa raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali vilivyokuwa fasheni. Nikaongezeka urefu, nikatembea Kariakoo nzima nimeinua kidevu.

Nikaingia garini, nikakaa.

Wakuu, sijui nilikuwa nawaza nini. Ukikaa, urefu wa kiatu unabaki huko huko chini. Shingo yangu ilikuwa pale pale, na magoti sasa yamegusa usukani.

Nikavua. Nikaupitisha mkanda chini ya kwapa. Raha mustarehe! Mama akachungulia dirishani.

"Huo mkanda unashika nini, kwapa? Tukigonga kitu, si utakukata mbavu? Toa hapo."

Nikamnung'unikia rohoni, ila alikuwa sahihi.

Nikaenda nyumbani Magomeni, nikachukua mto wangu wa kulalia, wa sufi. Nikauweka kitini. Nikapanda juu, nikaona barabara yote hadi nikaogopa. Mkanda ukatua begani vizuri kabisa. Nikasema nimemaliza kazi.

Nikaenda kujaribu. Karibu na soko akakatiza mtu wa mkokoteni wa ndizi. Nikakanyaga breki.

Sufi, wakuu, ni laini. Mto ulibonyea na kukimbia mbele, na mimi nikakimbia nao. Mkanda wa kiunoni ukapanda tumboni, wa begani ukanifika puani, nikaishia karibu na pedeli.

Mwenye mkokoteni akaja dirishani ameshika ndizi moja iliyopondeka. Akatazama ndani, hakuna mtu.

"Hee! Gari linajiendesha! Jamani njooni muone gari la majini!"

"Nipo," nikasema kutoka chini.

Akaruka. Sitii chumvi, au labda kidogo. Ndizi aliiacha.

Ndipo nikamkumbuka Fundi Shomari, aliyekuwa na cherehani kwenye baraza jirani na duka letu. Nikawaza hivi: suruali ikinipwaya naipeleka kwa Shomari, anapunguza. Koti likinipwaya, Shomari. Sasa mkanda si nguo tu?

Nyie mnaocheka, mngekuwa Kariakoo enzi zile mngeenda wapi?

Nikarudisha gari kinyumenyume hadi barazani. Shomari akaja na futi shingoni, akaniambia nikae kama ninavyoendesha. Akanipima bega, kifua, kiuno, akachora kwa chaki.

"Mdogo wangu, unataka ubane au upwaye?"

"Ukae begani tu, kaka."

"Basi tunaweka mkunjo hapa, kama bega la koti. Utapendeza."

Watu wakajaa. Mmoja akauliza kama gari linashonewa sare. Shomari akasogeza cherehani hadi mlango wa gari, akauvuta mkanda nje na kuushona ukiwa bado umefungwa kwenye gari. Akavunja sindano, akaweka nyingine. Uzi aliokuwa nao ni wa kijani peke yake, maana hata uzi ulikuwa adimu.

Ulitoka mzuri. Kwa macho, ni kazi safi mpaka leo nasema.

Nikaendesha mwendo mdogo, nikakanyaga breki kujaribu.

Trrrrr!

Mkunjo wote ukafumuka. Kifua changu kikatua kwenye honi, ikalia ndefu, watu wakapisha njia wakidhani kuna mheshimiwa anapita.

Mama Elinami akatoka dukani. Akautazama mkanda una matundu ya sindano na nyuzi za kijani zinaning'inia.

"Nani amedarizi gari langu?"

Shomari akajitetea: "Mama, mimi nimeshona mkanda wa kukaa. Huyu hakuniambia atapiga breki."

Na kwa haki, kweli sikumwambia.

Mama hakugombeza, na hiyo ilinitisha zaidi. Alisema mkanda uliotobolewa hauaminiki tena, akatuma mtu Mchafukoge kwa muuza spea wake kutafuta mpya. Kisha akaniambia nikamwite yule mrefu.

Nilisimama pale pale. Nadhani machozi yalinitoka, ingawa inaweza kuwa vumbi.

Shomari ndiye aliyesema, "Mama, mkanda haukuwa na kosa. Huyu ndiye yuko chini."

Mama akasema, "Ule mto ulimpandisha vizuri, ila ulikimbia."

Mimi nikasema, "Godoro langu la makumbi ya nazi halibonyei, nalijua, mgongo unauma kila siku."

Tukatazamana watatu. Mpaka leo kila mmoja angekwambia wazo ni lake, sitaki kumnyang'anya mtu.

Shomari akashona mto mwembamba wa makumbi yaliyoshindiliwa hadi ukawa mgumu kama ubao, upana sawasawa na kiti, akauwekea kamba za kuufunga kitini mbele na nyuma usikimbie. Miguu ikafika kwenye pedeli bila kunyoosha vidole. Mkanda mpya ukafungwa. Mama akaushusha mwenyewe ule wa kiunoni ukalala kwenye nyonga, akauweka wa juu katikati ya bega.

Akakaa pembeni yangu, akafunga wake. Tukaenda hadi barabara iliyokuwa tupu.

"Breki!" akapiga kelele bila kunionya.

Nikakanyaga. Kilemba chake kikaruka kikagonga kioo. Mimi nimekaa pale pale, begani nimeshikwa, kiunoni nimeshikwa, kooni hakuna kitu. Nikavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu nikae kwenye lile gari.

Mama akaokota kilemba, akakivaa taratibu.

"Moshi tunaondoka alfajiri," akasema. "Mwambie yule mrefu apakie mizigo."

Nimejifunza nini? Labda kuna wanaojua zaidi, mnirekebishe. Mkanda ukikukaba, usiupitishe kwapani wala mgongoni, usiubane na kibanio ukalegea, usiutoboe. Jipandishe wewe, kwa kitu kigumu kisichoteleza. Magari mengi ya sasa yana kitufe kwenye nguzo ya mlango cha kushusha mkanda, kibonyeze kabla ya kwenda kwa fundi.

Wafupi wenzangu, nyie mnafanyaje? Semeni bila aibu.

Warefu nao ruksa kuchangia, ila mchangie mkiwa mmekaa.