Saa za Alasiri, Nilipokuwa Baba Yake

Shule niliacha darasa la tatu, ng'ombe wa baba walikuwa wengi na mchungaji nilikuwa mimi, kwa hiyo habari za mitihani msinihoji sana. Ninachojua ni kwamba mjukuu wangu, aliyekuwa akikaa nami hapa Mkolani huku akisomea utabibu chuoni mjini, alifaulu ya kuandika yote akaanguka ya vitendo. Walimletea mwanamume wa makamo anayelalamika tumbo, amhoji, msimamizi akiwa pembeni anasikiliza. Akauliza chakula, akauliza homa. Alipofika kwenye mkojo na mambo ya chumbani akaziona mvi za yule mtu, akasema, "Asante baba," akanyanyuka.

Mimi sikushangaa. Mtu wa rika la baba yako humuulizi hayo. Ukiyauliza, wewe ndiye utakayeulizwa ulilelewa na nani.

Basi akapewa nafasi ya kurudia, na mgonjwa wa mazoezi nikawa mimi. Hapo ndipo tulipokosea. Babu na mjukuu ni watani, na huyu tena ana jina la marehemu mke wangu, kwa hiyo namwita mke wangu hadharani na hakuna anayegeuka. Alikuwa ananifunga mashine ya presha mkononi, kitu kinabana kama chatu. Chatu nimewahi kumwona akimbana mbuzi, mbuzi wa jirani, na kesi yake ilichukua mwaka mzima, lakini tuyaache hayo.

"Mume wangu," anauliza, "mkojo unatoka vizuri?"

"Unatoka, ila unasimama njiani kusalimia watu."

Anacheka mpaka anakaa chini. Tukaenda hivyo majuma, tunacheka tu. Halafu alasiri moja akanivua ile mashine, akaikunja taratibu.

"Babu, hunisaidii. Wewe nakuuliza chochote. Pale nitamkuta baba."

"Sasa nifanyeje? Nipake mvi? Mbona ninazo."

"Nikianguka mara hii chuo kimeisha, babu. Kuwa baba."

Nikatoka nje. Baba yake ni mwanangu wa kwanza, alikuwa akiuza dagaa soko la Mwaloni, kule Kirumba, akafariki huyu binti akiwa bado shule ya msingi. Mtu akiuza dagaa muda mrefu harufu inakuwa ngozi yake, hata akioga. Nilisimama hapo kwenye mawe ya uani nikimkumbuka alivyokuwa akiingia nyumbani. Kisha nikapiga hodi, nikakaa, nikanyoosha mguu wa kulia nikilisugua goti, nikakohoa kwanza kabla ya kusema, kama yeye.

Binti akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Mwanangu ndiye aliyekuwa akimwita mama, kwa sababu ya lile jina la mama yake. Sikupanga kulitamka. Binti akainama, nikadhani nimemuumiza, nikataka kuuvunja mchezo kwa utani. Akatangulia yeye.

"Baba, nitakuuliza mambo ya faragha. Usinione nimekosa adabu. Nauliza ili upone."

Akauliza. Ya mkojo, ya choo, ya chumbani, yote, sauti ikitetemeka mwanzoni halafu ikatulia. Nami nikajibu bila mzaha hata mmoja. Mwisho akauliza, "Hilo tumbo limeanza lini, baba?"

Mwanangu hakutuambia. Alikuwa anasema tumbo tu, tumbo tu, anaamka anakwenda Mwaloni, mpaka siku aliyoshindwa kuamka.

"Sijui, mama."

"Jaribu kukumbuka. Lilianza ukiwa kazini, au nyumbani?"

"Kazini," nikasema. "Sikutaka mpate wasiwasi."

Akaitikia kwa kichwa na kuendelea na swali lililofuata.

Tangu hapo ilikuwa kila alasiri. Yeye alitaka mtihani. Mimi, niseme kweli, ikifika mchana nilianza kuchungulia jua limefika wapi. Nilimaliza uji haraka, nikaenda nje kupiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Mambo mengine ya mwanangu yalinirudia hapo hapo kwenye kiti, namna alivyokuwa akiagiza chumvi wakati wa kula, namna alivyokuwa akimkatiza mtu maneno.

Alifaulu. Mgonjwa wa safari hii alikuwa mzee mkali, ananiambia, akamuuliza yote na yule mzee akajibu yote. Wakampeleka kwenye zahanati Ukerewe. Nilimsindikiza kivukoni, nikambeba begi, nikamtania mbele ya abiria kwamba mke wangu ananikimbia. Akacheka, akapanda.

Nilifurahi, msinielewe vibaya. Majirani wamenipongeza mpaka leo. Ila nilikuwa nimezoea kuwa na mwanangu nyumbani saa za alasiri, na hilo sikuwa na wa kumwambia.