Mwewe na Salamu ya Mzigo

Katika yadi ile ya kebo walimwita Mwewe, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Enzi za ujana wake alikaa juu kabisa, kwenye kibanda cha kreni, na bado ukitupa kichungi cha sigara nyuma ya ghala alikupigia honi mpaka ukiokote. Wenzake walitaniana kwamba mtu akitaka kuiba hata msumari, asubiri Mwewe aende msalani. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na maneno machache, na sifa zile alizipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kazi yake ilikuwa kuinua madramu. Asiyejua atadhani ni mambo ya mashine tu, inavuta na mzigo unapanda. Dramu la kebo ni magurudumu mawili ya mbao yaliyoshikanishwa na kiuno, na kiunoni hapo kebo imezungushwa mpaka dramu lenyewe linampita mtu kimo na kulizidi gari dogo kwa uzito. Tena lina kiburi chake. Ukililaza ubavu, kebo inalegea na kujisokota, na kuipanga upya ni kazi ya kulia machozi. Ukilifunga kiholela, waya zinabana magurudumu na kuyavunja. Ukiliacha bila kabari penye mteremko mdogo tu, linaondoka lenyewe, na halimsubiri mtu apishe. Kwa hiyo pale yadini walipitisha mtaimbo mnene katikati ya dramu, wakafunga waya kila upande, na juu wakaweka boriti ya chuma ya kuzitanua waya zile zisiiume mbao. Ndipo ndoano ya kreni iliposhuka.

Halafu kulikuwa na salamu. Mzigo ukishafungwa, kreni iliuinua kiasi cha kiganja kutoka ardhini, kisha ikatulia. Watu wote walinyamaza. Mfungaji aliuzunguka kwa mbali kidogo, akitazama kama umeinama, akisikiliza kama mbao zinalia. Walisema mzigo unatoa salamu, na mwenye adabu haupandishi kabla hajaipokea. Mfungaji akiridhika, aliinua mkono na kuuzungusha polepole, maana yake pandisha. Asiporidhika, aliinua mkono uleule, kiganja wazi, na kuutuliza, maana yake simama.

Dereva wa kreni alimtii mtu mmoja tu, yule mfungaji. Ila simama ilikuwa ya kila mtu. Hata mfagiaji akiinua mikono yote miwili kazi ilisimama, na kila aliyemwona aliinua yake vilevile, wala haikushushwa mpaka dereva azime mashine. Sheria hiyo aliipigania Mwewe mwenyewe, baada ya mwenzao mmoja kusagwa mguu mbele ya watu, kila mmoja akidhani si mahali pake kusema. Tangu hapo kila mgeni wa yadi aliambiwa na Mwewe maneno yaleyale, "Kwenye simama hakuna mkubwa. Hata ukikuta mama yangu mzazi ndiye yuko huko juu, msimamishe."

Mfungaji wa sasa alikuwa binti yake, kitinda mimba wake. Mafundo ya mwanzo alimfundisha jikoni, wakifunga miguu ya viti mpaka mama mtu akakosa pa kukaa. Binti alikua, akasomea kazi, akaajiriwa, na yadi nzima ikamwita Binti Mwewe. Baba na mtoto walifanya kazi kwa maelewano hata watu wakasema wanaongea kwa damu. Mwewe alimjua mtoto wake. Bega likishuka, alijua anataka mzigo uteremke. Uzito akiuhamishia mguu wa kushoto, alijua ameridhika. Kabla binti hajainua mkono, baba alishajua mkono utasema nini, na jambo hilo lilimpa raha kubwa.

Wakati mmoja walimletea redio za kuzungumzia. Alizirudisha ofisini siku ileile. Alisema mtu akimwongelesha masikioni anampotezea macho.

Na macho ndiyo yaliyomgeuka. Mwanzoni alidhani kioo cha kibanda kimechafuka, akakisugua kila asubuhi mpaka msimamizi wa yadi akamuuliza kama anatafuta kazi ya hotelini. Kioo kilikuwa safi. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha potea hakirudi, na dawa ni ya kulinda kilichobaki. Mwewe akaitikia, akachukua dawa, akapiga kimya. Ofisi ilipowapima macho wafanyakazi, alikuwa ameshazikariri zile herufi za ukutani, akazisoma kwa ghibu bila kukosea hata moja. Daktari wa ofisi akamsifu.

Mkewe hakuhitaji herufi. Asubuhi moja Mwewe alimimina chai kando ya kikombe, ikatapakaa mezani, naye akaweka birika chini akidhani kikombe kimejaa. Mkewe alichukua kitambaa, akafuta, akakaa mbele yake.

"Mwambie mtoto," alisema.

"Nitamwambia."

"Ulisema hivyo mvua zilipoanza. Zimeshakatika."

"Mama watoto, nikishuka mimi atapanda nani? Yule wa kukodi, anayeinua mzigo huku anatafuna? Nimwache mtoto wangu asimame chini ya mkono wa mtu wa namna ile?"

"Na sasa amesimama chini ya mkono wa nani?"

Swali lile lilimchoma kwa sababu alikuwa ameshajiuliza mwenyewe, na kila mara alilifukuza. Kweli alimhofia mtoto. Lakini kweli pia aliipenda ile ngazi, kile kiti, na lile jina, na hakujua atakuwa nani akikaa chini pamoja na watu wengine.

"Leo ukirudi hujamwambia, namwambia mimi," mkewe alisema. "Sitazika mtoto kwa ajili ya jina lako."

Mwewe akaenda kazini na maneno hayo yamemkaa rohoni. Alikata shauri kumwambia binti wakati wa chakula cha mchana. Asubuhi ile kulikuwa na lori linasubiri madramu, na foleni ikifika getini msimamizi huwa haongeleki. Acha nimalize haya, Mwewe alijiambia.

Dramu la kwanza lilipanda na kukaa juu ya lori bila tatizo. La pili likafungwa, likainuliwa kiasi cha kiganja, yadi ikanyamaza. Binti alizunguka. Upande wa nyuma aliona msumari umechomoka, na mbao moja ya gurudumu ina ufa mrefu. Alisogeza mguu wa kushoto mbele ili autazame vizuri, akainua mkono, kiganja wazi, akautuliza. Simama.

Kule juu, Mwewe aliona doa la njano, ambalo ni kizibao cha mwanawe. Aliona kitu kimeinuka, ndio mkono. Aliona uzito umehamia kushoto. Vidole hakuviona, alikuwa hajaviona tangu mvua zianze. Akapandisha.

Mbao ilipasuka kwa mlio uliofika mpaka ofisini. Dramu likainama upande mmoja, kipande cha mbao kikachomoka na kuanguka pale pale aliposimama binti, naye alikuwa ameruka nyuma kufumba na kufumbua. Mwewe alisimamisha mashine kwa kusikia tu.

"Vipi, Mwewe?" msimamizi alipaza sauti.

"Kishikio kimeteleza," Mwewe alijibu kutoka dirishani.

Ndio uongo wa kwanza aliousema akiwa kwenye kiti kile. Watu waliuamini, maana Mwewe hakosei. Dramu bovu likashushwa, likatiwa kabari, likafunguliwa. Mwewe angeweza kuzima hapo. Angeweza kuteremka na kusema ukweli, na watu wangempa maji ya kunywa, yakaisha. Badala yake alijikaza, akajiambia kwamba limebaki moja tu, halafu chakula cha mchana, halafu atasema. Sina la kumtetea.

Binti hakuuamini uongo ule. Baba yake kishikio hakimtelezi. Alipokuwa akifunga dramu la tatu, mambo aliyoyaona na kuyapuuza yalianza kumrudia. Simu ambayo baba humpa mtu mwingine amsomee. Honi, ambayo siku hizi haimpigii mtu yeyote kwa kichungi cha sigara. Chai kwenye kitambaa cha meza nyumbani. Alikaza fundo, akakagua boriti, akawaomba wenzake wote warudi nyuma ya mstari mwekundu. Wakarudi. Yeye mwenyewe akarudi nao.

Dramu likainuka kiasi cha kiganja. Yadi ikanyamaza. Salamu ilikuwa njema. Waya zimenyooka, mbao hazilii. Binti akasimama kama anavyosimama siku zote akiridhika. Kisha akatia mikono yote miwili mifukoni, akasubiri.

Mwewe aliliona doa la njano. Aliona limetulia, uzito kushoto. Muda wa salamu ulikuwa umetimia, aliujua kwa hesabu ya pumzi zake. Akapandisha.

Dramu lilipita magoti, likapita kiuno. Ndipo alipoona yadi yote imebadilika. Madoa ya njano, hapa na pale, kila moja likarefuka. Hakuona mkono hata mmoja, lakini hakuhitaji. Alijua kitu kimoja tu kinachoweza kuwarefusha watu wote kwa pamoja. Akasimamisha, akafunga breki, akaketi na mikono yake mapajani. Hakujua aliyeanza ni nani, hadi aliposikia hatua kwenye ngazi. Hatua zile alizijua tangu zilipokuwa za kutambaa.

Mlango ukafunguliwa.

"Baba."

"Mama," akamwitikia, kama alivyomwita tangu utotoni.

"Mikono yangu ilikuwa mfukoni."

Chini watu walisimama vilevile, mikono juu, kama sheria yake ilivyowaagiza.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Tangu kabla ya mvua."

"Mama anajua?"

"Anajua."

Binti alishika ukingo wa mlango. Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa baba yake, na hasira yenyewe ilimtisha. "Ningekufa, baba," alisema. "Ile mbao iliyopasuka. Mkono wako ungeniua, halafu wewe ungeishi vipi?"

"Nilitaka nikulinde," Mwewe alisema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akaona aibu, akalia. Alilia bila sauti, uso ameuelekeza kwenye kile kioo alichokisugua bure. Kisha akainuka nusu kutoka kitini. "Kaa wewe uushushe. Mimi nimemaliza."

"Sina leseni ya kiti hicho. Na mzigo hauachwi ukining'inia, umenifundisha mwenyewe." Akamwekea mkono begani, akamrudisha kitini. "Utaushusha wewe. Mimi nitakwambia."

Alikaa. Akaweka mikono kwenye vishikio. Binti aliinama karibu na sikio lake, na sauti yake haikutetemeka.

"Shusha. Polepole. Bado. Bado. Umeyumba kidogo, ngoja utulie. Haya, shusha. Kidogo. Kidogo tena. Simama. Wawili wanaweka kabari."

"Mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma. Wametoka. Shusha. Umegusa."

"Nisilegeze?"

"Subiri. Umekaa. Sasa legeza."

Waya zililegea. Mwewe alilihisi dramu likiachana na kreni kupitia kiti alichokalia, kama alivyolihisi kila mara, na alijua hatalihisi tena. Akazima mashine. Chini, mikono ya watu ikashuka.

Binti alitangulia ngazini, akisema kila kipandio, na baba akamfuata kinyumenyume. Msimamizi alikuwa anakuja na maneno mdomoni, ameyapanga makali, tena kwa haki. Alipomwona Mwewe anaitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu, akavua kofia yake ya kazi akaishika mkononi. Maneno yenyewe aliyasema kesho yake, ofisini, mlango umefungwa, na Mwewe aliyasikiliza yote bila kujitetea.

Jioni baba na mtoto waliingia nyumbani pamoja. Mama alikuwa mezani, ameweka vikombe. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Umemwambia?" alimuuliza mumewe.

"Sikumwambia," Mwewe alisema. "Amenisimamisha."

Machozi yalimlenga mkewe. Halafu akamimina chai, akasogeza kikombe mbele ya mumewe. Mwewe alinyoosha mkono, ukapita hewani, ukatua mezani mahali pasipo kitu. Ingekuwa jana angejifanya anafuta meza. Leo aliuacha hapohapo, wazi, akasubiri.

"Kulia kidogo," binti alisema. "Kidogo tena. Simama. Shika."

Akashika.