Siku Nilipokiangusha Kilima cha Profesa

Siku ya kwanza kazini niliuliza mtambo uko wapi, na jibu nililopewa lilinishtua hata nikadhani nataniwa. Nilikuwa nimetoka kufundisha fizikia katika sekondari moja huko Usagara, nimevaa gauni langu la kanisani, nikitarajia kuonyeshwa mashine kubwa inayonguruma. Nikaingizwa kwenye chumba cha ghorofani, hapa Nyamagana, Mwanza, chenye feni moja na kompyuta chache. Mkuu wa Kikundi chetu cha utafiti, Profesa Athumani, mtoto wa fundi cherehani wa mjini hapa hapa, alikuwa amekodolea macho kioo cha kompyuta.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Karibu."

"Samahani, mtambo wenyewe uko wapi?"

"Uko Ulaya, chini ya ardhi. Wao wanagonganisha, sisi tunahesabu. Vuta kiti."

Sisi watu wa Kagera tunasemwa sana kwa kujivunia shule. Siku ile sikuwa na cha kujivunia. Digrii yote ile, kumbe nimekuja kuhesabu.

Vijana mnaosoma haya, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Viini vizito vya atomu, vya dhahabu au vya risasi, hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga, kisha hugonganishwa. Kwa muda mfupi kuliko tunavyoweza kuwazia, protoni na nyutroni huyeyuka na kuwa uji moto wa kwaki, yaani vile vipande vidogo vilivyomo ndani yake. Uji ukipoa, chembe huzaliwa upya na kutawanyika, na kigunduzi, ambacho ndicho jicho la mtambo, huzinasa zikipita. Sisi tulihesabu protoni za kila mgongano, tukaondoa idadi ya antiprotoni, ndugu zao wenye chaji ya kinyume. Hata migongano inayofanana haitoi idadi ileile. Mmoja hutoa nyingi, mwingine chache, na kuyumba huko kwa idadi ndiko tulikokuwa tukikupima.

Kwa nini tuhangaike na kuyumba? Kwa sababu nadharia inasema kuna mahali fulani, kwa joto fulani na msongo fulani, ambapo maada hushindwa kuamua iwe uji au iwe chembe. Hapo idadi huyumba kupita kawaida. Ukichora grafu ya kuyumba huko kwa kila nguvu ya mgongano, mahali hapo pangeonekana kama kilima. Profesa alikuwa anakitafuta kilima hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Baada ya kuzoea kuhesabu nilipelekwa Ulaya kushika zamu kwenye mtambo. Mkuu wa Zamu alikuwa mama mmoja mrefu asiyecheka. Alinionyesha picha ya mgongano uliojaa mistari, kila mstari njia ya chembe moja, akaniuliza naona migongano mingapi. Nikasema mmoja.

"Tazama tena," akasema. "Ni miwili. Imetokea karibu mno, jicho likadhani ni mmoja."

Nilishtuka. Mimi nilikuwa naamini kila kilichoandikwa na kigunduzi. Hali hiyo tuliiita msongamano, na nilirudi nayo Mwanza kichwani, pamoja na koti zito ambalo sijalivaa tena hadi leo.

Kulikuwa na desturi moja katika kazi yetu. Matokeo hayatoki nje mpaka yapewe mpinzani, mtu wa ndani ambaye kazi yake ni kuyaua akiweza. Profesa aliongeza sharti lake mwenyewe: mpinzani hali chakula na anayempinga mpaka amalize. Kwetu hilo halikuwa dogo. Kila mchana tulikula kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, ugali na sato kwenye sinia moja.

"Ukila naye utamhurumia," alisema Profesa.

Alipobakiza muda mfupi kustaafu, kilima kikatokea. Kilisimama katikati ya grafu yake, hakuna aliyehitaji miwani kukiona. Akatuonyesha. Kisha akanigeukia.

"Koku, mpinzani utakuwa wewe."

"Mimi, Profesa? Si wewe uliyenifundisha?"

"Ndiyo sababu. Unajua ninapojificha."

Nikaanza kula peke yangu. Mama ntilie aliponipakulia sahani yangu pembeni alininong'oneza, "Mwanangu, umemkosea nini mzee wa watu?" Nilikuwa naomba Mungu nishindwe kazi niliyopewa.

Sikushindwa. Nilikumbuka picha ya yule Mkuu wa Zamu, nikazitenga data kufuatana na mkondo wa viini. Kuna siku mkondo ulikuwa mnene, migongano inabanana. Kuna siku ulikuwa mwembamba. Kilima cha kweli hakijali mkondo ulikuwaje siku hiyo. Hiki kilijali. Siku za mkondo mnene kilipanda, siku za mkondo mwembamba kikalala chini. Tulikuwa tumehesabu migongano miwili kama mmoja, na idadi kubwa za uongo zikatujengea kilima. Nilirudia hesabu upya.

Nikamwita. Aliitazama grafu yangu mpaka nikatamani sakafu ipasuke. Nimewahi kufanya kazi na wakubwa ambao wangenifukuza chumbani.

"Siku za mkondo mwembamba kinalala kabisa?"

"Kabisa, Profesa."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Machozi yalikuwa yananitoka mimi, si yeye.

"Afadhali kimeangukia nyumbani," akasema. "Haya, njoo tukale."

Akaagiza sato mzima. Akamla hadi kichwa, huku akitusimulia utundu wake wa utotoni, na mimi namtazama nimeduwaa. Sijawahi kushtushwa na mtu namna ile. Alistaafu bila kilima, na baada ya miaka michache tukamzika.

Ukuu wa Kikundi ukaja kwangu. Tulijifunza kuchuja msongamano, vigunduzi vipya vikafungwa, na nilipokaribia kustaafu kikatokea kilima kingine, kifupi, upande mwingine wa grafu. Nilimteua Neema awe mpinzani, binti niliyemfundisha tangu mwaka wake wa kwanza. Nikastaafu kabla hajamaliza.

Sasa ninaishi Buhongwa, na Neema anakaa mtaa wa pili. Huyu ni mtu aliyekuwa akiingia kwangu na kufunua sufuria bila kuuliza. Tangu nimteue, alikuwa akipita, "Shikamoo, Mama," anasalimia nje ya geti, anaendelea. Majirani walidhani tumegombana. Ilikuwa inaniuma, nisiseme uongo, na nilielewa kwa mara ya kwanza Profesa alivyojisikia nilipokula pembeni. Ila sikumwita. Ningemwita ningeharibu kazi.

Jumapili iliyopita geti likalia. Neema akaingia, akafika mpaka jikoni, akasimama karibu na sufuria yangu ya ndizi.

"Mama, nimemaliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Maneno ya Profesa yalikuwa tayari mdomoni.

"Afadhali kimeangukia ny—"

"Hakijaanguka, Mama." Akafunua sufuria. "Nimekigonga kila upande. Mkondo mnene, mkondo mwembamba, kipo palepale. Wengine watajaribu, lakini mimi nimeshindwa."

Nilikaa kwenye kigoda. Profesa alinifundisha namna ya kupokea kilima kilichoanguka. Kilichosimama hakuwahi kunifundisha, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukipata. Nilimtaka awepo pale jikoni, aulize lile swali lake moja la mkondo mwembamba.

Nikampakulia Neema. Alikula ndizi zote, akakomba na mchuzi. Mimi sikuweza kumeza hata kipande.