Aproni Niliyoikunja kwa Heshima

Nikifumba macho, mwanangu, nairudia asubuhi moja ya wakati wa Zaire, na harufu ya dawa ya filamu hunijia kama uvumba. Nilikuwa msichana, msaidizi katika chumba cha kupigia picha za mifupa, hospitali moja hapa Likasi.

Tulikuwa na tabliye moja tu, aproni nzito yenye madini ya risasi ndani, ya kumkinga avaaye na miale ya mashine. Aliyeivaa sana ni Yaya Odette, muuguzi tuliyemheshimu kama dada mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyewashika watoto wasitikisike wakati wa picha.

Mimi nililelewa katika sakristia ya parokia ya Panda. Masista walinifundisha kukunja vitambaa vya altare: mara mbili, tena mara mbili, kisha kukandamiza mkunjo kwa kiganja. Basi Tata Kalenga, baba na fundi wetu mkuu, alipotumwa mji wa Kakanda miezi miwili, nikaiona aproni inaning'inia kwenye nguzo yake kama mlevi, nikaona aibu. Kila jioni niliikunja kwa nne, nikaiweka kabatini, nikasali Salamu Maria moja, nikaenda nyumbani na moyo mweupe. Sikumwuliza mtu.

Tata aliporudi, aliilaza aproni chini ya mashine akaipiga picha, kama ilivyokuwa desturi yake ya kuikagua ndani. Filamu ikaelea katika maji chini ya taa nyekundu, nami nikatazama kama aotaye. Tukaitoa kwenye mwanga. Kwa nje aproni ilikuwa nzima kabisa. Kwenye filamu mistari myeusi, miale ilipopenya, ilipita katikati, ikakatana kama msalaba.

"Nani anakunjaka hii?"

Nikatazama kabati. Ningeweza kumtaja mfagiaji.

Odette akaingia akicheka. "Tata, weye unapiga tabliye picha? Iko na kikohozi?"

Tata hakucheka. "Risasi ikikunjwa inapasuka ndani. Na muntu akinyamaza, hata tabliye mupya atakunja."

"Ni minye, tata," nikakiri.

Kicheko cha Odette kikakatika. Akaweka mkono tumboni. "Minye iko na mimba ya miezi tatu. Sikuwaambia bado."

"Pengine hakuna kitu," Tata akasema, "lakini siwezi kukuapia." Siku hiyo hiyo akamhamishia kwenye meza ya kuandikisha wagonjwa.

Miezi sita Odette alinijibu salamu tu. Kila alfajiri, kabla ya king'ora cha kiwanda, nilikwenda misa. Sikujiombea msamaha, nilimwombea mtoto.

Akazaliwa msichana, mzima, mwenye sauti ya tarumbeta. Nilisimama mlangoni pa wodi, naogopa kuvuka kizingiti. Odette akaninyooshea mtoto.

"Kamata. Lakini huyu usimukunje!"

Tukacheka hadi tukalia.

Mwanangu, sikukosa bidii wala heshima. Nilikosa swali moja. Kuuliza si ujinga. Kitambaa cha altare hukunjwa, aproni ya risasi hutundikwa. Kila kitu kina utunzaji wake, na anayeujua yupo, mwulize. Nawe ukikosa, sema mapema, maana mficha uchi hazai, na kosa lililofichwa humwangukia asiyelijua. Mpaka leo sijui kama mtoto alisalimika kwa kuwa nyufa zilikuwa nyembamba mno au ni huruma tupu ya Mungu. Nashukuru bila kudai jibu.

Mungu akukinge pale macho yako yasipofika, akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mwepesi zaidi wa kukiri, na wote wanaoegemea kazi ya mikono yako warudi kwao salama. Amina.