Sala Niliyoombwa kwa Kimeru

Ashukuriwe Mungu, asikiaye hata sala fupi.

Mimi ni mzee wa kanisa, na watu husifu sala zangu ndefu za Kiswahili. Mke wangu alipolazwa hospitalini Nkubu, nilisimama kando ya kitanda nikaanza, "Ewe Mwenyezi, mwingi wa rehema..."

"Mzee, hapa si kanisani," akanikatiza. "Niombee kwa Kimeru, kama unavyoongea nami tukichuma chai."

Niliogopa kwamba miaka yote nilikuwa nikikariri tu. Mwishowe nikasema kwa lugha yetu, "Baba, bado namhitaji huyu. Usimchukue."

Akatabasamu. "Leo umeomba wewe mwenyewe."

Alirudi nyumbani. Sasa naomba hivyo kila asubuhi shambani, nikijifunza upya. Nawe msomaji, Mungu akujalie maneno yako mwenyewe.