Usiwashe Moto kwenye Mawe ya Mto

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na usidhani naikumbuka kwa raha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mke mpya, nimeletwa kwenye kijiji hiki cha mlimani juu ya Lushoto na sanduku moja na kiburi cha kujaza masanduku manne. Mume wangu alikuwa kibarua wa chai kule Kwamkoro, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo niliyeishi naye hasa ni mama yake. Jina lake Hadija, ila mimi nilimwita Mama, maana jina la mama mkwe halitiwi mdomoni hovyo.

Sasa kwetu hapa enzi zile mke mpya hajengi jiko lake. Anapika kwenye jiko la mama mkwe mpaka mama huyo mwenyewe siku moja aamke aseme sasa inatosha. Hapo ndipo mama mkwe anakwenda kuchagua mawe matatu, anayabeba, anampangia mkwewe mafiga kwa mkono wake, na moto wa kwanza anauwasha yeye. Kwa nini iwe hivyo, haelezi mtu. Na wewe huulizi. Wengine walikaa mwaka, wengine miwili. Mimi baada ya miezi saba nilikuwa nimeshachoka.

Nilichoka nini? Moshi kwanza. Jiko la Mama lilikuwa ndani, kijidirisha kimoja, na huku kwetu baridi ya mwezi wa saba hakuna anayefungua mlango. Halafu maneno. "Chumvi imezidi." "Hizo kuni mbichi umeokota au umeiba?" "Nani kakufundisha kukoroga hivyo?" Jungu kuu halikosi ukoko, sawa, lakini ukoko wa kila siku nao unachosha.

Basi Mama akaenda msibani kijiji cha pili, akalala huko siku mbili. Alipopotea tu kwenye kona nikafunga kanga kiunoni. Nikashuka mtoni. Nikachagua mawe mazuri, ya mviringo, laini, yamesuguliwa na maji mpaka yanang'aa. Niliyapandisha kichwani, safari sita, mlima ule unaujua. Nikachimbia nguzo nne karibu na mti wa mapeasi, nikaezeka kwa nyasi, nikakandika meza ya udongo ya kuwekea vyungu, na katikati nikapanga mafiga yangu. Nilijenga vizuri. Sitajidanganya kwa unyenyekevu, nilijenga vizuri sana. Majirani walipita, wakatazama, wakanyamaza. Nikadhani ni wivu.

Siku ya tatu asubuhi nikabandika maharage. Moto umekolea, na mimi nimeinama napuliza, nikasikia hatua. Mama huyo, amerudi, kapu kichwani.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Mtu asiyeacha kuitikia shikamoo hata ya adui yake, siku ile hakuitikia. Alikuwa anaangalia moto.

"Haya mawe umeyatoa wapi?"

"Mtoni," nikasema, tena kwa kidevu juu. Nikajua sasa inaanza ile hotuba ya mila.

Akatupa kapu. Akanirukia, akanisukuma kwa mikono miwili nikaanguka huko kwenye majani ya maboga, na mimi nikafungua mdomo nimtukane, Mungu anisamehe, tusi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Jiwe likapasuka. Lilipiga kishindo, chungu kikaruka vipande, maharage yakamwagika motoni. Mama alikuwa bado amesimama pale nilipokuwa nimeinama mimi, ameshika uso.

Jicho la kushoto. Wanaume walimteremsha kwa machela mpaka hospitali, na daktari alifanya alichoweza, lakini jicho halikurudi.

Subiri, usiniambie pole. Pole yako ya nini? Aliyestahili pole hakuwa mimi.

Mama yule, mwanangu, alikuwa ndiye mchagua mbegu wa bonde zima. Ukivuna maharage, unampelekea debe lako, anakaa uani na ungo, anakutenganishia: hii ya kupanda, hii ya kula, hii ina ugonjwa itupe. Macho yake yaliona kidonda kwenye punje ambacho wewe hukioni hata ukiambiwa. Baada ya pale alinikalisha pembeni yake na ungo wa pili. Hakunisema. Hakumwambia mwanawe. Watu walipouliza alijibu, "Kuni zimeruka." Wajukuu zake walikua wakijua bibi yao aliumizwa na kuni. Na mimi nikaliacha liwe hivyo.

Mwezi ukapita, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, ulijua. Mbona hukuniambia kwamba mawe ya mto yanapasuka?"

Akageuza kichwa chote, maana ilibidi sasa ageuze kichwa chote kuniona. Akasema, "Mtoto, jiwe la mto limekunywa maji miaka na miaka. Ukiliweka motoni, yale maji yanachemka ndani na hayana pa kutokea. Ndiyo maana mafiga huchaguliwa na aliyekwisha kupika. Mimi ningekuchukulia jiwe la juu kilimani, kavu, au lililokwisha kukaa motoni."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Jibu hilo lilinikasirisha na mpaka leo linanikasirisha. Ndiyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu hakusema kitu! Aliniwekea katazo halina maelezo, na katazo lisilo na maelezo kijana analiruka kama anavyoruka mfereji. Na guu lililovunjika halikuwa langu. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, mwanangu. Nimemkasirikia yeye, na kila nikimkasirikia naona lile jicho, hasira inanirudia mwenyewe.

Sasa nikwambie kilichonitoa povu wiki hii.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu anaitwa Yusufu. Amefanya kazi hotelini Arusha miaka minne, amerudi, anataka wageni wanaokuja kutembea milimani walale kwetu. Jambo jema, nikambariki. Akasema atajenga jiko la nje, kwa mikono yake, na kaunta ya juisi. Kwanza aliita baa. Nikamwambia ukilitaja neno hilo tena kwenye kiwanja cha babu yako utalala stendi, akasema basi, Bibi, kaunta. Akamwaga saruji, akatengeneza viti vya magogo, akaweka bati zuri la kuzuia mvua. Kijana ana mikono, nasema ukweli. Kisha nikamwona anapandisha mawe. Ya mviringo. Laini. Yanang'aa. Ameyapanga duara katikati ya viti, ndipo pa kuwasha moto, wageni wakae kuuzunguka waote na kuchoma nyama.

Nikapiga kelele. "Toa hayo mawe!"

"Bibi, tulia. Nimeona kwenye simu wanajenga hivi hivi."

"Simu yako imepika lini? Toa!"

"Jumamosi nina wageni sita, Bibi. Mambo ya mila tuyaache kidogo."

Siku mbili, mwanangu. Siku mbili namfokea, namwita mpumbavu, natishia kumwambia baba yake, naye anacheka tu na kupanga mawe. Siku ya tatu, Ijumaa, nikamwona anabeba kuni kavu. Anataka kujaribu moto kabla wageni hawajafika. Nikachukua kigoda changu, nikatembea mpaka kwenye duara lake, nikakaa katikati, kwenye majivu ambayo hayajawa majivu. Nikamwambia, "Haya, washa."

Akasimama na kiberiti mkononi. Majirani wakaanza kujaa kwenye ua. Mama yake akaja mbio, "Mama, jamani, aibu!" Nikasema aibu ninayo ya zamani, hii ya leo haiongezi kitu.

Yusufu akachuchumaa mbele yangu. Cheko lilikuwa limekwisha. Akaniuliza taratibu, "Bibi, shida ni nini hasa na haya mawe?"

Nikafungua mdomo nimfokee tena, nikakosa la kufoka. Kwa sababu mtoto alikuwa ameuliza. Na mimi siku mbili nzima nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa namwamuru tu, kama nilivyoamriwa. Ningemwambia kwa nini, ingenilazimu nimwambie nimejuaje. Na nilivyojua, sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu mpaka namzika.

Basi nikasema. Pale pale, mbele ya majirani, mbele ya mama yake. Nikasema, "Bibi mzaa babu yako hakuumizwa na kuni. Nilimuumiza mimi. Mawe kama haya, kutoka mto huo huo. Na alinisukuma ndiyo likampata yeye." Yusufu akaweka kiberiti mfukoni. Akaninyanyua na kigoda changu, akanipeleka kibarazani, kisha akarudi akaanza kuyabeba yale mawe mawili mawili.

Jioni tulipanda pamoja kilimani, nikamwonyesha mawe makavu. Alipoyapanga, kwa ndani ya duara nikamkandikia udongo wa kichuguu, maana huo ndio unaouzoea moto. Nikamwambia awashe moto mdogo kwanza, wa vijiti, akae mbali, uukaushe udongo polepole. Aliniuliza maswali mpaka nikachoka. Nilifurahi kuchoka hivyo.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, unayejenga jiko la nje, au chochote kingine ulichokiona kwenye simu. Jenga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nawapenda vijana wanaoinama. Lakini ukikuta mzee anakukataza, usicheke, na usitii kama ng'ombe. Muulize kwa nini. Akikasirika, muulize tena. Akikataa kujibu, kaa naye mpaka ajibu, maana huenda kinachomzuia si ujeuri, ni aibu. Na ninyi wazee wenzangu mnaotikisa vichwa hapo, mmezoea kuamuru na kuficha, acheni! Mnachokificha ndicho kitakachowaumiza watoto wenu. Semeni hata kama kinawaumbua. Mimi kimeniumbua uani kwangu Ijumaa, mchana kweupe, na bado nakula ugali.

Haya, nenda. Mungu akupe moto unaopika na usiochoma. Akupe wageni wanaokula washibe na kurudi makwao wazima. Akujaalie uzeeke na macho yako yote mawili, uwaone wajukuu wako wakikuuliza maswali. Na wakikuuliza, wajibu.